Ndege za Mti na Kitani Chini ya Meru

Kabla ya mashine za kuruka, neno ndege lilikuwa na maana mbili: kiumbe mwenye mbawa, na dalili. Msafiri akipata ndege njema husonga mbele. Akipata ndege mbaya hurudi nyumbani. Mashine zilipofika zikapewa jina hilohilo, na kwa watu wa Taveta, Kahe na Moshi wa mwaka 1916 jina hilo liliziafiki kwa maana zote mbili.

Nimezirudia ndege hizo kwa sababu ya watu wanaoziunda upya kwa udogo. Wako Uingereza, Marekani, Afrika Kusini na kwingineko. Huchukua mchoro wa ndege ya vita, wakaupunguza hadi sehemu moja kwa nne au kwa tano, wakaijenga kwa mbao na kitambaa, kisha wakairusha kwa rimoti. Wapo wanaouita mchezo wa wastaafu. Mimi naihesabu kuwa kazi ya kumbukumbu, na sisi wa Arusha tunahusika nayo.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza Agosti 1914, Wajerumani walikuwa na ndege moja katika koloni lao lote la Afrika Mashariki. Rubani Bruno Büchner alikuwa ameileta Dar es Salaam kwa ajili ya maonyesho ya koloni yaliyopangwa mwezi huohuo. Maonyesho yakavunjika, ndege ikaingizwa jeshini, naye Büchner akajeruhiwa. Kwa upande wa Waingereza, kazi ya kwanza ya ndege ilikuwa kuisaka manowari Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Hapo hali ya hewa yetu ilipigana vita vyake yenyewe. Ndege mbili za Sopwith za kutua majini, zilizoletwa mapema 1915, zilibanduka gundi kwa joto na unyevu hata zikawa hazifai kitu. Zikaletwa nyingine, zikarushwa kutoka kisiwa cha Mafia, na tarehe 11 Julai 1915 mizinga iliyoelekezwa na marubani kutoka juu ikaimaliza manowari. Mizinga ya Königsberg ikaopolewa na kusambazwa nchini. Mmoja ulifika Kahe, chini ya Kilimanjaro, ukalipuliwa huko Machi 1916.

Upande wetu wa kaskazini, ndege za Caudron zilianza kuruka kutoka Maktau, Taita, mwaka 1915. Mwishoni mwa Januari 1916 Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza kiliteremka Mombasa, wengi wao Waafrika Kusini, kikaweka kambi Mbuyuni. Kiliambatana na jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lililoiteka Moshi mwezi Machi. Arusha nayo ikaanguka mwezi huohuo. Leo Walmsley, aliyetumika katika kikosi hicho na baadaye akawa mwandishi wa riwaya, alichapisha kitabu juu ya miaka hiyo mwaka 1920.

Ndege yao kuu iliitwa B.E.2c. Mabawa yake, mawili juu na mawili chini, yalikuwa na upana wa mita 11.3 kutoka ncha hadi ncha; injini nguvu za farasi 90; mwendo wa juu kama kilomita 116 kwa saa. Iliweza kupaa hadi mita 3,050 hivi, na kufika huko iliichukua dakika 45. Mlima Meru una mita 4,566. Rubani wa B.E.2c asingeweza kuuruka Meru. Angepita ubavuni mwake, kilele kikiwa juu ya kichwa chake.

Mhandisi Edward Busk aliisanifu itulie angani yenyewe, hata rubani akiachia usukani. Ulaya utulivu huo uliwaponza wengi, maana ndege isiyopenda kugeuka haiwezi kuikwepa ndege ya Kijerumani ya Fokker. Huku kwetu hapakuwa na adui angani, na tabia ileile ikawa fadhila: mtu aliweza kuchora ramani akiwa juu ya pori. Ndiyo sababu pia mafundi wa nakala ndogo wanaipenda hadi leo.

Lakini udogo una hesabu zake. Ukiipunguza B.E.2c hadi moja kwa tano, upana unakuwa mita 2.26. Eneo la mabawa linagawanywa kwa 25, uzito kwa 125, kwa hiyo zile kilo 1,060 hivi za ndege iliyojaa zinakuwa kilo nane na nusu. Mwendo nao? Ili ionekane kama ile ya asili, ingepaswa kwenda kilomita 23 kwa saa. Kwa uzito ule haiwezi. Itataka kwenda 52, na jicho litaiona ikikimbia kama nyigu. Hewa haipunguzwi pamoja na mbao. Basi fundi hukaa miezi akipunguza gramu: mbavu za bawa anazitoboa matundu, waya anachagua mwembamba, kitambaa anakikaza kwa rangi kidogo iwezekanavyo. Akimaliza anaijua B.E.2c kwa vidole vyake, kwa namna ambayo picha haiwezi kumfundisha mtu.

Na hapa Arusha angepata kazi ya ziada. Uwanja wa Kisongo uko mita 1,387 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 13 hata kabla ya joto la mchana. Nakala iliyozoea Dar es Salaam ingehitaji mwendo zaidi kwa asilimia saba ili iinuke. Angehitaji pia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na subira ya kungoja asubuhi tulivu.

Somo la wepesi tulilianza utotoni. Tulimenya mabua ya mahindi, ganda likawa kiunzi na moyo wa bua ukawa mwili, tukaunganisha kwa miiba, mbele tukaweka pangaboi la jani. Ukikimbia nayo, pangaboi linazunguka. Tulijua bila kuambiwa kwamba bua bichi ni zito na halifai.

Lakini si kila ndege hutegemea wepesi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kati ya Tanzania na Uganda, vilileta ndege za aina nyingine kabisa. Pande zote mbili zilikuwa na ndege ya jeti ya MiG-21, bawa lake fupi la pembetatu likitegemea kasi tupu. Nakala yake ndogo hairuhusu mzaha: ukipunguza mwendo, inaanguka. Nasema hivyo kwa heshima, kwa kuwa wapo kati yetu walioisikia ile halisi.

B.E.2c chache za asili zimehifadhiwa, moja London na nyingine Ottawa. Hapa kwetu hakuna. Ningependa kuona moja ya mita 2.26 ikiruka kwanza juu ya mbuga za Kisongo, kisha ikaning'inizwa ndani ya Boma la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho. Tangi lake lingetosheka na chupa moja ya mafuta. Chini yake ningeomba liwekwe debe moja tupu na kata moja ya majani, kwa sababu reli ilipoishia, mizigo ya jeshi lile ilipanda vichwani mwa wapagazi, na makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao.