"Operesheni imefanikiwa": habari niliyoitangaza mapema mno

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za gazetini na mambo ya nyumbani vimenibana. Leo siasa tuziweke pembeni. Nataka tuongee historia, ila nitaanzia Keko, kwenye karakana ya baba yangu mdogo ambaye ni fundi seremala.

Mwaka juzi baba mdogo alipasuliwa kichwa kutolewa uvimbe uliokuwa kwenye ubongo, nyuma ya paji la uso. Jioni ile daktari alitoka akatuambia uvimbe wote umetoka. Katika ukoo wetu mimi ndiye "mwandishi", kwa hiyo kazi ya kutangaza ikawa yangu. Nikaandika meseji fupi kama kichwa cha habari: "Operesheni imefanikiwa. Mungu ni mwema." Nikawatumia ndugu wote. Pongezi zikamiminika, kuna shangazi alipiga simu akilia kwa furaha.

Siku ya tano homa ikapanda. Kidonda kikaanza kuvuja maji meupe, bandeji ikabadilishwa mara tatu kwa siku. Akarudishwa chumba cha upasuaji, kisha wiki kadhaa za sindano. Meseji ya pili sikuituma. Ningeandika nini?

Katika zile siku za kukaa kwenye benchi nje ya wodi ndipo nilipoanza kusoma historia ya upasuaji huu. Nikagundua kuwa kosa langu lina zaidi ya miaka 130, na kwamba kuna gazeti kubwa la Uingereza lililoingia mtego uleule.

Twende London, tarehe 25 Novemba 1884. Mgonjwa ni mkulima kutoka Scotland, kijana wa miaka 25. Alikuwa na degedege, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unalegea siku hadi siku. Wakati huo eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa (iligunduliwa 1895), sembuse mashine za CT tunazozijua leo. Daktari Alexander Hughes Bennett alitazama dalili tu, akatumia maarifa mapya ya wakati ule kuhusu sehemu ipi ya ubongo huendesha kiungo gani, akasema: uvimbe uko upande wa kulia, mahali hapa. Daktari mpasuaji, Rickman Godlee, akatoboa fuvu palepale. Uvimbe akaukuta! Akautoa.

Fikiria hilo kidogo msomaji wangu. Mtu anaonyeshwa mahali juu ya fuvu, anatoboa, anakuta kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona. Ilikuwa habari kubwa kwelikweli. Katikati ya Desemba gazeti la The Times likachapisha barua iliyoisifia operesheni hiyo. Wakati ule Waingereza walikuwa wanabishana vikali juu ya majaribio kwa wanyama, na aliyeandika barua alitaka kuonyesha kuwa majaribio hayo ndiyo yaliyowezesha mkulima yule kuokolewa.

Kabla ya Krismasi mkulima alikuwa amefariki. Kidonda kilipata maambukizi, ubongo ukavimba na kusukumwa nje kupitia tundu la fuvu, utando wa ubongo ukashambuliwa. Aliishi siku 28 tu baada ya kupasuliwa. Ajabu ni kwamba Godlee alikuwa mpwa wa Joseph Lister, yule bingwa aliyeifundisha dunia kuua vijidudu kwenye vidonda. Kuwa mpwa wa bingwa hakukumsaidia.

Tuwe wakweli, si kila mtu wa enzi hizo alikufa. Mwaka 1879 kule Glasgow, William Macewen alimtoa msichana wa miaka 14 uvimbe kwenye utando unaofunika ubongo, na msichana yule akaishi miaka 8 zaidi. Lakini somo la London lilibaki: kuutoa uvimbe ni nusu ya kazi. Kwa maoni yangu, historia nzima ya upasuaji wa ubongo tangu siku ile ni historia ya yale yanayotokea baada ya uzi wa mwisho kushonwa.

Adui wa kwanza alikuwa damu. Hapa jina kubwa ni Harvey Cushing wa Marekani. Mwaka 1911 alieleza jinsi ya kubana mishipa midogo kwa vibanio vya fedha, na mwaka 1926 akaanza kutumia umeme kuunguza mishipa inayovuja, akisaidiwa na mwanafizikia William Bovie. Katika zama ambazo kumfungua mtu fuvu kulikaribia kuwa hukumu ya kifo, Cushing alishusha vifo vya wagonjwa wake hadi chini ya asilimia 10. Hata hivyo damu haikumwacha. Mwaka 1910 alimtoa uvimbe Jenerali Leonard Wood, naye akarudi kazini hadi kuongoza jeshi la Marekani na baadaye kuwa gavana mkuu wa Ufilipino. Uvimbe ukarudi. Agosti 1927 Wood akapanda tena meza ya Cushing, damu ikavuja ndani ya ubongo, akafa. Mgonjwa yuleyule na daktari yuleyule, miaka 17 tu katikati.

Adui wa pili ni maambukizi, yale yaliyomuua mkulima. Usafi wa vyumba vya upasuaji, kisha penisilini katika miaka ya 1940, vilimpunguza nguvu. Hakufa lakini, sisi tulikutana naye siku ya tano.

Adui wa tatu ni ubongo wenyewe kuvimba. Fuvu ni sanduku lisilotanuka, kitu cha ndani kikivimba hakina pa kwenda. Mwaka 1961 madaktari wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Joseph Galicich na Lyle French, walichapisha matokeo ya kutumia deksamethasoni kupunguza uvimbe huo. Ndiyo dawa ileile iliyotajwa sana 2020 wakati wa Korona.

Basi damu, usaha na kuvimba vimepatiwa dawa. Baba mdogo alivipita vyote akarudi nyumbani. Mama mdogo akapika pilau, majirani wakaja, kila mtu akasema "amepona". Hapo ndipo nikakutana na adui wa nne, ambaye kwenye wodi hakuna aliyetutajia.

Baba mdogo alirudi karakana. Randa anaishika vizuri, msumeno unaenda sawa, mazungumzo na utani ni uleule. Lakini kitanda hakimaliziki. Anapima ubao, anakata, anaanza kupiga msasa kabla hajatoboa matundu, anaacha, anashika ubao mwingine. Jioni unamkuta amekaa katikati ya mbao amechoka, machozi yanamlenga. Wateja wakaanza kudai pesa zao. Kuna ndugu walisema amekuwa mvivu. Wengine wakanong'ona kuwa amerogwa. Na mimi, msomi wa Mlimani, nikamwambia siku moja: "Baba, jikaze basi." Alinitazama tu.

Kisha nikasoma habari za Ruth. Alikuwa dada wa Wilder Penfield, bingwa wa ubongo wa Montreal, Kanada. Mwaka 1928 Penfield alimpasua dada yake mwenyewe na kumtoa sehemu kubwa ya mbele ya ubongo, upande wa kulia. Ruth akapona. Mgeni akija asingeona tofauti yoyote. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye aliamua kuwaandalia watu watano chakula cha jioni, kazi aliyoifanya miaka yote kama mama wa nyumba. Saa ya kula ilipofika kaka yake alimkuta jikoni amechanganyikiwa. Vyakula vyote vilikuwapo, kimoja au viwili viko jikoni vinachemka, nyama haijaguswa, kachumbari haijakatwa. Aliposaidiwa kidogo, chakula kikapikwa kikaliwa. Uvimbe ulirudi, na Ruth alifariki 1931, lakini kaka yake aliandika kisa hicho kwenye jarida la kitabibu mwaka 1935. Ruth alijua kupika kila kitu. Kilichopungua ni uwezo wa kupanga kipi kianze na kipi kifuate.

Niliposoma hayo niliifunga kompyuta nikapanda daladala hadi Keko usiku uleule. Nikamwomba radhi. Aliniuliza, "Kwa hiyo si wazimu, mwanangu?" Nikamwambia hapana, baba, ni kidonda ambacho hakionekani.

Sasa ukutani kwenye karakana kuna karatasi yenye hatua za kutengeneza kitanda, kuanzia ya 1 hadi ya 14. Kijana wake anasoma, yeye anafanya. Mwezi uliopita walimaliza vitanda viwili. Zamani angemaliza sita. Bado kuna siku anakasirika na kuichana ile karatasi, tunabandika nyingine.

Ndugu zangu, kama nyumbani kwako kuna mtu aliyepasuliwa ubongo, ukiona homa, maji yanayovuja kwenye kidonda, degedege, kichwa kinachozidi kuuma au usingizi usioeleweka, usisubiri kesho, mrudishe hospitali. Na akishapona kidonda, waulize madaktari juu ya mazoezi, si ya mikono na miguu tu, bali ya kufikiri na kupanga. Muda ndugu, usimwambie ajikaze.

Kuhusu ile meseji yangu, wala haikuwa uongo. Ilikuwa habari ya jioni moja tu, nami nikaitangaza kama habari ya maisha.

Alamsiki.