Bima Iliyozaliwa na Moto, Nchi Inayoharibiwa na Maji

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Merikebu za Sultani Barghash ziliharibiwa bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu ikaangushwa. Kwa kuwa mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, mwenye shamba alipoteza mtaji pamoja na mapato ya miaka iliyofuata. Pemba, iliyonusurika kwa kiasi kikubwa, ikawa ndicho kisiwa kikuu cha karafuu. Huko Unguja, wengi walikopa na kuweka mashamba rehani. Hasara ya siku moja ikageuka deni la miaka mingi.

Wakati huo London ilikuwa na bima ya majengo kwa karibu karne mbili. Moto wa 1666 uliteketeza nyumba zipatazo 13,000, na katika miaka ya 1680 Nicholas Barbon akaanza kuuza bima ya moto. Mkataba ule ulibeba hofu ya mji wake, na ndio uliotufikia pamoja na kampuni za kikoloni. Mwaka 1963 likaundwa Shirika la Bima la Taifa. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, likakabidhiwa biashara yote ya bima nchini, hadi sheria ya 1996 ilipofungua soko. Wauzaji wamebadilika, lakini kiini cha hati ya bima ya mali bado ni moto na radi. Mafuriko na dhoruba mara nyingi huongezwa kwa ombi la mteja na kwa ada ya ziada.

Hapo ndipo mfanyabiashara wetu hunaswa. Mto Msimbazi ulipofurika Desemba 2011, adui wa Dar es Salaam alikuwa maji. Mwenye duka au ghala bondeni hana budi kuuliza: je, hati yangu imeyataja maji? Je, inafidia mapato nitakayoyakosa nikiwa nimefunga? Je, thamani niliyoiandika ni ya kweli? Mali ya shilingi milioni 100 ikikatiwa bima ya milioni 50, hasara ya milioni 20 huweza kulipwa milioni 10 tu, kwa kuwa nusu nyingine mteja huhesabiwa kuwa amejibebea mwenyewe.

Hata hivyo, tusimtwishe mfanyabiashara mzigo wote. Bima hugawana hatari isiyojulikana itamfika nani; janga linalorudi kila masika mahali pale pale hupandisha ada, au hukataliwa kabisa. Ramani ya mipango miji, mtaro uliozibuliwa na kibali kilichonyimwa bondeni ni kazi ya dola, wala hakuna hati inayoweza kuifanya kwa niaba yake. Mwenye shamba wa 1872 hakuwa na bima wala serikali ya kumkinga. Sisi tunavyo vyote viwili. Aibu itakuwa yetu tukiendelea kuuguza hasara zile zile kwa mikopo.