Daftari la Mnara wa Druaga

Mwaka 1984 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa The Tower of Druaga, mchezo wa mashine za sarafu uliobuniwa na Masanobu Endō, yule yule aliyebuni Xevious. Shujaa Gil hupanda mnara wa ghorofa 60 kumwokoa Ki, kuhani wa kike.

Kasheshe ni kwamba karibu kila ghorofa ina sanduku la hazina lililofichwa, na mchezo hausemi lolote kuhusu namna ya kulipata. Ghorofa ya kwanza, ua viumbe watatu wa ute wa kijani, sanduku litajitokeza likiwa na sururu ya shaba ya kubomolea kuta. Hapo bado mteremko. Kadiri unavyopanda masharti yanakuwa vitendawili, na ukikosa kifaa cha lazima umekwama, hata uwe na vidole vyepesi vipi. Nani angegundua yote hayo peke yake, tena kila jaribio kwa sarafu yake?

Wachezaji wakaandikiana. Kwenye kumbi za michezo kulikuwa na madaftari ya wote: aliyefika juu alieleza alivyopita, wengine wakaongeza yao.

Baadaye majarida yakaidaka kazi hiyo ya kuwaelekeza wachezaji, na kuongeza ya kuipima michezo yenyewe. Famitsu, lililoanza 1986, lilikabidhi kila mchezo kwa wakaguzi wanne, kila mmoja akitoa alama hadi 10 na maelezo mafupi mno, pengine mafupi kupita kiasi. Alama kamili 40 zilitolewa kwa mara ya kwanza 1998, kwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time.