Kilemba Kilivyopanda Nyanda za Juu

Kabla ya lami, njia ya kwenda Uhehe na Usangu, katika Nyanda za Juu Kusini, ilikuwa ya miguu. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani na nguo, shanga na baruti, ikarudi na pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia yetu, watumwa. Watu wa pwani waliwaita Wasangu Warori, na nchi yao Urori. Tajiri wa msafara, Mwarabu au Mswahili, hakuhitaji kutambulishwa: kilemba chake kilionekana tangu mbali.

Kilemba hicho kilikuwa na daraja zake. Mpagazi alijifunga kipande chochote cha nguo apate kuzuia jua. Bwana alijifunga debwani, kitambaa cha Maskati chenye mistari ya rangi, akakizungusha juu ya kofia mpaka kikakaa imara. Masultani wa Unguja walikuwa na kilemba chao cha ukoo wa Busaidi, na picha za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, zinamwonyesha akiwa nacho, kikubwa, kimekaza. Hesabu ya njiani nayo ilifuata daraja hizo: merikani na kaniki zilinunua chakula cha msafara, ila mtemi hakupelekewa merikani tupu. Yeye alistahili nguo zenye majina, na debwani ilikuwa mojawapo. Ndivyo kitambaa cha kilemba kilivyoingia katika maboma ya bara kabla msikiti haujajengwa.

Usangu ndiko mambo yalikokolea. Watemi wa ukoo wa Merere walifanya biashara na Waarabu na Wabaluchi. Wahehe walipowazidi nguvu, Wasangu walihamia Usafwa, wakajenga ngome ya mawe Utengule, karibu na ulipo mji wa Mbeya leo. Wabaluchi nao hawakupita tu; wazao wao wako Rujewa hadi sasa, wakulima na wafanyabiashara kama jirani zao.

Vazi la pili la kichwa lilikuja kwa bunduki. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann aliajiri Misri askari wa Kisudani, nao wakaja na tarbushi, vazi la majeshi ya Waturuki na Wamisri. Baadhi ya askari wa namna hiyo walikuwa na kamanda Emil von Zelewski pale Lugalo, Agosti 17, 1891, Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alipokivunja kikosi hicho. Wajerumani walirudi, wakaiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, Oktoba 30, 1894, na mwaka 1896 wakaanza kituo kipya kilichokuja kuwa mji wa Iringa. Nyuma ya kituo wakaja wenye maduka, makarani na walimu wa Kurani. Tarbushi ilibaki miaka mingi ikinuka amri na kodi, na naona ni haki kwamba haikupendwa.

Iliyopendwa ni kofia. Kofia nyeupe ya mkono ni kazi ya subira. Kitambaa hukunjwa tabaka mbili, maua huchorwa kwa kalamu, kisha kila kitobo huzungushiwa uzi mpaka kofia nzima iwe matundu madogo yanayopitisha hewa. Huoshwa, hutiwa wanga, huanikwa juu ya kitu cha duara ili isipoteze umbo. Wanawake wa Unguja, Pemba na Lamu wameishona kwa vizazi, na moja nzuri huchukua wiki kadhaa. Oman huitwa kummah, na Waomani wengi hukiri kwamba mkono wa Zanzibar umo ndani yake.

Mbeya ni mji wa juzi, uliokua kuanzia miaka ya 1920 kwa dhahabu ya Lupa, na wachuuzi wa pwani walifika pamoja na wachimbaji, kofia kichwani. Iringa, Waingereza walirudisha utemi wa Wahehe mwaka 1926. Baadaye akatawala Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, Mwislamu, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Utemi ulifutwa mwaka 1963, kofia ikabaki. Leo mzee anayeivaa msibani au kwenye baraza la usuluhishi aweza kuwa Mwislamu au Mkristo. Watu humwona mtu mzima aliyejiheshimu. Kilemba chenyewe kimebaki kwa masheikh, kwa bwana harusi, na katika posa, ambako kilemba cha baba hutajwa kando ya mkaja wa mama, japo siku hizi hulipwa fedha.

Boma la Wajerumani pale Iringa sasa ni makumbusho. Katika makumbusho ya Kalenga lipo fuvu la Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954. Nyumba hizo zinahitaji pia historia ya watu wa kawaida. Ndugu wa Rujewa, Utengule, Iringa na Mbeya mjini, mkiwa na picha ya babu mwenye kilemba au kofia ya zamani sandukuni, andikeni nyuma yake jina, mahali na mwaka, kisha ipelekeni huko ikanakiliwe wakati wanaoijua sura hiyo bado wako hai.