Sandra Schmirler, malkia wa barafu

Haya wadau, leo tuache siasa za hosteli niwape historia ya mchezo ambao nikiutaja huku chuoni watu wanacheka: kalingi. Unasukuma jiwe la itale la karibu kilo 20 juu ya barafu, wenzako wawili wanakimbia mbele yake wakiisugua barafu kwa ufagio. Ndiyo, ufagio!

Sandra Schmirler alizaliwa 1963 Biggar, mji mdogo wa Saskatchewan, Kanada. Akiwa nahodha, yeye na Jan Betker, Joan McCusker na Marcia Gudereit walitwaa ubingwa wa dunia 1993, 1994 na 1997. Na bado alikuwa na ajira ya kawaida kama sisi wengine.

Mimi linaloniacha hoi ni lile la Novemba 1997, Brandon, fainali ya kutafuta tiketi ya Olimpiki. Ana mtoto wa miezi miwili, jamani. Jiwe lake likagonga jiwe la pembeni, likageuka, likaenda kuling'oa la wapinzani katikati. Pointi 3! Februari 1998 kule Nagano wakaifunga Denmark 7-5, dhahabu.

1999 akakutwa na saratani. Mwanzoni mwa 2000 aliwaambia waandishi anataka mambo matatu: kutunza familia, kucheza tena, na likizo mahali penye joto akae mchangani, maana hajawahi kuipata. Alifariki 2 Machi 2000, miaka 36. Mazishi yake yalirushwa laivu kwenye televisheni nchi nzima.