Kupiga picha za watoto wadogo na maua: mambo ya kujua kwa anayeanza

Kwa miaka mingi, picha ya mtoto mdogo wilayani Rungwe ilikuwa picha ya studio. Mtoto alivishwa nguo mpya za Krismasi au Pasaka, akapelekwa mjini, akasimamishwa mbele ya pazia, na pembeni yake ikawekwa stuli yenye maua ya plastiki. Siku hizi simu zenye kamera zimefika hadi Lupepo na kata nyingine za wilaya, na wengi wanajifunza kupiga picha wenyewe. Wanaanzia pale pale studio zilipoanzia, yaani kwa mtoto na ua. Tofauti ni kwamba sasa mtoto anakimbia na ua ni la kweli, na hapo ndipo ugumu unapoanza.

Bibi harusi huambiwa ageuke, na wahitimu huambiwa wajipange. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu haambiliki, na ua hutikiswa na upepo bila kumngoja mtu. Zaidi ya hayo, hakuna kati yao anayeweza kukataa. Mtoto hajui picha yake itakwenda wapi, na ua likikanyagwa halilalamiki. Kwa hiyo kazi yote, ya ufundi na ya busara, inabaki kwa aliyeshika kamera. Katika makala hii tunaeleza pande zote mbili.

Mwanga: mawingu ni rafiki

Wanaoanza wengi husubiri jua liwake. Kwa watoto na maua, jua kali ni tatizo. Rungwe iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, na katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya utosi. Kwa saa zetu, jua hufika juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Wakati huo macho ya mtoto huzama kwenye kivuli cha paji la uso, naye hukunja uso. Petali za ua nazo hung'aa mpaka mistari yake midogo inapotea.

Mawingu ya Tukuyu hufanya kazi ambayo wapiga picha wa studio hununua vifaa ili kuifanya: husambaza mwanga sawasawa kila upande. Siku ya mawingu, au saa moja na mbili asubuhi, au jioni jua likishuka, ndiyo nafasi nzuri. Kama jua ni kali, msogeze mtoto kibarazani au chini ya mgomba, uso wake ukielekea kwenye mwanga. Kumbuka tu kwamba majani mabichi hurudisha rangi ya kijani usoni, hivyo usimweke ndani kabisa ya migomba.

Kuna kosa moja ambalo kamera hulifanya yenyewe. Mtoto akisimama huku mawingu meupe au dirisha likiwa nyuma yake, kamera hupima weupe huo na kuutia uso giza, na uso wa ngozi nyeusi huumia zaidi. Kwenye simu, gusa uso wa mtoto kwenye kioo, kisha vuta alama ya jua kwenda juu mpaka uso uonekane vizuri. Anga ikipotea, iache ipotee.

Kwa maua meupe, kama ya kahawa au pareto, mambo hubadilika kulingana na ukubwa wa ua kwenye picha. Ua jeupe likijaza picha nzima, kamera hulifanya la kijivu, ongeza mwanga. Likiwa dogo katikati ya majani ya kijani kizito, kamera hulichoma, punguza mwanga.

Shuka chini

Kwa wastani, mtoto wa miaka miwili ana urefu wa sentimita 85 hivi. Mtu mzima aliyesimama hushika kamera juu ya sentimita 120. Matokeo yake ni picha za utosi, mwili mfupi na udongo mwingi. Piga magoti, keti, au lala kifudifudi mpaka lenzi ilingane na macho ya mtoto. Kwa ua la ardhini, weka simu chini kabisa, hata kwa kuigeuza juu chini ili lenzi iguse nyasi.

Kushuka chini kuna faida nyingine: kunatenganisha kilicho mbele na kilicho nyuma. Ukipiga kutoka juu, nyuma ya mtoto kuna udongo uliomgusa miguu. Ukipiga kutoka usawa wake, nyuma yake kuna shamba la chai lililo mbali, na kwa lenzi yenye mwanya mpana, kwa mfano f/2.8, shamba hilo hulainika likawa rangi tu. Kwa ua lililo karibu sana hali ni kinyume. Sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba mno, hivyo funga mwanya hadi f/8, la sivyo petali moja itakuwa kali na nyingine ukungu. Simu nyingi haziwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 10. Rudi nyuma kidogo, kisha ukate picha baadaye.

Mwendo: miguu na upepo

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa watoto wenye afya huanza kutembea peke yao kati ya takriban miezi 8 na miezi 18. Baada ya hapo, hesabu ya mpiga picha hubadilika. Mtoto anayekimbia mita 2 kwa sekunde husogea zaidi ya sentimita 3 kamera ikiwa wazi kwa 1/60 ya sekunde. Hizo sentimita 3 ndizo zinazoifanya picha kuwa na ukungu. Kwa 1/500 ya sekunde husogea milimita 4 tu. Kwa kamera yenye mipangilio, usishuke chini ya 1/250 kwa mtoto anayetembea, na pandisha hadi 1/500 anapokimbia. Kama mwanga hautoshi, ongeza ISO. Chengachenga kidogo kwenye picha husameheka kuliko uso usioonekana. Kwa simu, nenda kwenye mwanga zaidi na upige mfululizo, kisha uchague.

Kumwita mtoto "tazama hapa" kila mara humfanya atoe tabasamu la kulazimishwa au aondoke. Mpe shughuli: beseni lenye maji kidogo, magunzi ya mahindi, kifaranga wa kumfuata kwa macho. Kisha ngoja. Dakika kumi za kwanza mtoto huitazama kamera, zikipita, huisahau. Mtoto akichoka au akilia, kazi ya siku hiyo imekwisha.

Ua nalo lina saa zake. Upepo huwa mdogo zaidi alfajiri na asubuhi, kabla jua halijapasha ardhi. Kwa upepo mdogo, mwenzako anaweza kukinga kwa khanga au kipande cha boksi. Usifunge shina kwa kamba wala kung'oa mmea jirani ili upate nafasi.

Maua yaliyo karibu na nyumbani

Huna haja ya bustani ya mapambo. Mkahawa huchanua baada ya mvua kuja kufuatia kiangazi, na maua yake hudumu siku chache tu. Ukiahirisha hadi wiki ijayo umeyakosa. Mchai unaochumwa kila mara hauchanui kwa urahisi, lakini ule ulioachwa pembezoni mwa shamba hutoa maua meupe yenye katikati ya manjano. Ua la mgomba hufunua ganda moja baada ya jingine, na anayelipiga picha kila siku mahali pale pale atapata hadithi nzima ya mkungu.

La kufurahisha zaidi ni parachichi, zao ambalo Rungwe inalitegemea sana. Ua lake moja hufunguka mara mbili. Kwa aina ya Hass, hufunguka kwanza asubuhi likiwa jike, hujifunga, kisha hufunguka tena mchana wa siku inayofuata likiwa dume, likitoa chavua. Baridi huweza kuchelewesha saa hizo. Ukiweka alama kwenye tawi kwa uzi na kurudi kesho yake, utakuwa na picha mbili za ua moja zisizofanana.

Anayetaka kwenda mbali zaidi ana uwanda wa Kitulo, unaofikika kwa barabara ya Isyonje kwenda Kikondo na Makete. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ina zaidi ya aina 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi, na hupendeza zaidi wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Uko juu ya mita 2,500, hivyo beba koti.

Okidi hizo zina historia chungu. Viazi vyake vimechimbwa kwa wingi katika nyanda za juu kusini na kuuzwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Mmea uliochimbwa kiazi hauchanui tena. Mpiga picha hana sababu ya kuchuma wala kuchimba, kwa kuwa picha inaweza kutosha hata kwa wataalamu. Mwaka 2005 tumbili aina ya kipunji, aliyegunduliwa katika Mlima Rungwe na pia katika msitu wa Ndundulu, alitambulishwa kwa ulimwengu wa sayansi kwa kutumia picha, bila kuuawa hata mmoja.

Mtoto na ua kwenye picha moja

Hapa panahitaji uangalifu. Mtoto wa umri huu huweka kila kitu mdomoni. Yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, meupe, ya manjano au ya pinki, ambayo hupandwa kama mapambo, yana sumu katika kila sehemu ya mmea. Usimpe mtoto alishike. Usimkalishe pia kwenye shamba lililopuliziwa dawa karibuni. Kama hujui jina la ua, mweke mtoto umbali ambao hatalifikia.

Doa jeupe kwenye mboni

Jambo hili kila anayepiga picha za watoto anapaswa kulijua. Flashi ikiwaka, mwanga huingia kwenye mboni na kurudi kutoka nyuma ya jicho, palipojaa mishipa ya damu. Ndiyo maana macho huonekana mekundu. Ikiwa jicho moja ni jekundu na jingine lina mng'ao mweupe, inaweza kuwa pembe ya kamera tu. Lakini pia inaweza kuwa dalili ya mtoto wa jicho au ya retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anaweza kuwa anacheza vizuri bila maumivu yoyote.

Picha haitoi majibu ya ugonjwa. Ila usiifute, na usiitume kwenye makundi. Mwonyeshe mzazi faraghani na umshauri ampeleke mtoto hospitali yenye daktari wa macho bila kuchelewa, akiwa na picha hiyo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ni miongoni mwa zinazotibu saratani hii. Ikigundulika mapema, maisha ya mtoto na mara nyingi macho yake huokolewa.

Ruhusa

Ukifika nyumbani kwa watu, salamu hutangulia kamera. Wape wenyeji "Mugonile" yao, eleza unachotaka, na mwombe mama, baba au bibi anayemlea mtoto. Sema wazi picha itakwenda wapi: kwao tu, kwenye mtandao, au kwa mnunuzi. Ruhusa ya kupiga haimaanishi ruhusa ya kusambaza.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inataka maslahi yake yatangulizwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Epuka kusambaza picha za mtoto akiwa uchi au anaoga, na zinazoonyesha jina lake pamoja na shule au mtaa.

Zima pia sehemu ya kamera inayorekodi mahali. Picha yenye taarifa hiyo inaweza kumwongoza mtu hadi kwenye nyumba ya mtoto, na vilevile humwongoza mchimbaji hadi kwenye okidi.

Kuitunza picha

Simu huibwa, huanguka kwenye maji na huharibika. WhatsApp hupunguza ubora wa picha ikitumwa kwa njia ya kawaida. Ukiituma kama faili, hubaki kamili, ikiwa na taarifa zake zote, hata za mahali. Picha ya kusafishwa kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 huhitaji takriban pikseli 1,200 kwa 1,800 ili itoke vizuri. Kwa wenye kamera, unyevu wa Rungwe huotesha ukungu ndani ya lenzi. Ihifadhi kwenye boksi linalofungwa vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Kwa anayeanza, tunapendekeza zoezi la mwezi mmoja. Chagua ua moja na mtoto mmoja ambaye wazazi wake wamekubali. Wapige picha mara moja kwa wiki, mahali pale pale, saa ile ile. Mwisho wa mwezi chagua picha mbili, zisafishe, na uwapelekee wazazi nakala yao.