Timu Yetu, Daftari Lao

Sheria inayotawala vilabu vya michezo Tanzania ilitungwa chini ya serikali ya mwana wa Butiama. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Bunge lilipitisha Sheria Na. 12 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa, BMT. Michezo ikawa mali ya umma kama yalivyokuwa mabenki na mashamba ya mkonge, na klabu ikatakiwa iandikishwe, iwe na katiba, iwe na wanachama, iitishe mikutano. Kwa mtu wa Musoma au Bunda anayelalamika leo kwamba timu imetekwa na matajiri na mawakala, hapo ndipo pa kuanzia. Kwenye karatasi, tangu wakati wa Mwalimu Nyerere, timu ni ya wanachama. Shida ni kwamba karatasi nyingine, ile ya mapato na matumizi, mwanachama hajawahi kukabidhiwa.

Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, zote Kariakoo, zote kwa kadi na ada za watu wa kawaida. Kabla ya uwekezaji wa aina yoyote, wanachama wenyewe walikuwa moto wa kuotea mbali. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka kwa ugomvi wa ndani, na kutoka kwenye mpasuko huo ikazaliwa Pan African, ambayo mwaka 1982 ilichukua ubingwa wa Bara. Huku mkoani Mara habari zilifika kwa Redio Tanzania. Mvuvi wa Mwigobero na mchunga ng'ombe wa Kiabakari walichagua rangi yao wakiwa mamia ya kilomita kutoka Msimbazi ya Simba na Jangwani ya Yanga, hawajawahi kulipia kadi wala kuona lango la klabu. Wakawa na timu ya moyoni wasiyokuwa na kura ndani yake, na wajukuu wao wengi wako hivyohivyo mpaka leo.

Timu za mikoani, kwa upande wao, zilikuwa na mwenyewe anayejulikana. Bandari Mtwara, Reli Morogoro, RTC Kagera, Ushirika Moshi: jina lilitaja mlipaji. Kanda ya Ziwa ilikuwa na Pamba ya Mwanza, timu iliyolelewa na fedha za zao la pamba. Mkulima wa Bunda aliyebeba robota kichwani hadi kituo cha kununulia alikuwa, kwa hesabu ya mbali, mmoja wa wafadhili wake. Hakuna aliyemuuliza. Wala haikuwa mara ya kwanza. Vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa, vilivyojengwa na wakulima wenyewe miaka ya 1950, vilivunjwa na serikali mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Mtu aliyeona ushirika wake ukifutwa kwa amri hashtuki sana akisikia timu yake imehamia mkoa mwingine. Nadhani ndiyo maana malalamiko ya mpira huku Mara yana ukali wa aina yake: watu wamekwisha kulipitia jambo hili kwenye pamba, na baadaye kwenye viwanda na minofu ya sangara.

Mashirika ya umma yalipoanza kufa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuuzwa miaka ya 1990, timu nyingi zilikufa nayo. Nafasi yake ikachukuliwa na mfadhili. Mfadhili hana hisa, hana mkataba unaoonekana, hana cheo cha kudumu, lakini bila yeye basi la timu haliwaki. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kufungwa na Stella ya Abidjan, jina lililokuwa midomoni mwa watu pamoja na la wachezaji lilikuwa la Azim Dewji. Ufadhili ulileta raha, tusiwe wanafiki. Ulileta pia desturi ambayo mpira wetu haujapona: fedha zinatoka mfukoni mwa mtu, kwa hiyo hesabu yake iko kichwani mwa mtu.

Chini ya mfadhili ikakua kamati ya usajili, na mimi huona kamati hiyo kuwa ndiyo baba wa wakala wa leo. Watu wachache wenye uwezo walijifungia, wakaamua nani aletwe, wakamfuata, wakamficha hotelini, wakamsainisha usiku. Mwaka 2012 nchi nzima iliona sarakasi hiyo. Beki Mbuyu Twite, aliyekuwa APR ya Rwanda, alikwisha kutangazwa kuwa wa Simba. Siku aliyotua Dar es Salaam alipokewa na watu wa Yanga, akavalishwa jezi ya Yanga iliyoandikwa mgongoni RAGE, jina la mwenyekiti wa Simba wa wakati huo, Ismail Aden Rage. Jangwani walicheka wiki nzima. Lakini ukiacha utani, mtu yeyote mwenye kadi alikuwa na haki ya kuuliza fedha za usajili zilitoka akaunti gani, nani aliziidhinisha na nani alipewa chochote katikati. Jezi ile ilimaliza maswali yote.

Simba nao walikuwa na la kwao. Januari 2013 walimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Mchezaji akaenda, fedha hazikuja. Shauri likafika FIFA, na kabla halijapoa, Desemba mwaka huohuo Okwi akaibukia Yanga. Shabiki wa Musoma aliyesikiliza habari hizo kwenye redio ya simu alibaki na swali moja la kienyeji kabisa: mtu anauzaje ng'ombe bila kushika fedha?

Mawakala hawakuanza na mitandao ya kijamii. FIFA ilikuwa na leseni zao kwa miaka mingi, ikazifuta mwaka 2015 na kuacha kila nchi iwaandikishe hao iliowaita wapatanishi, kisha ikarudi nyuma: kanuni mpya zikaanza Januari 2023, mitihani ikafanyika Aprili mwaka huo. Katika ile miaka minane ya katikati mlango ulikuwa wazi, na ndiyo miaka ambayo wachezaji wa kigeni walimiminika Ligi Kuu. Mwaka huohuo wa 2015 FIFA ilipiga marufuku watu wa nje kumiliki haki za mchezaji. Uingereza walikuwa wamekwisha kulitambua tatizo tangu 2006, West Ham ilipowachukua Carlos Tevez na Javier Mascherano ambao haki zao zilikuwa mikononi mwa makampuni. Kwa hiyo anayedhani wakala ni gonjwa la Kiafrika amekosea ramani. Tofauti ni kwamba huko mashabiki wana mahali pa kusomea hesabu za klabu, hata kama wakishazisoma wanazidi kukasirika, kama wale wa Manchester United tangu familia ya Glazer iinunue mwaka 2005.

Kwetu matajiri walipotaka kuhama kutoka ufadhili kwenda umiliki, mkutano mkuu ndio uliokuwa uwanja wa vita, na mara nyingi haukuwa vita. Agosti 2016 Yusuf Manji, mwenyekiti wa Yanga, aliwaomba wanachama wamkodishe timu na nembo kwa miaka 10. Wakakubali kwa kelele ukumbini. Mpango ulikwama kwa mamlaka za michezo, na Mei 2017 Manji akajiuzulu. Yanga ikaingia miaka ya kupitisha bakuli. Upande wa pili tajiri Mohammed Dewji alikuwa ameweka mezani Sh20 bilioni akitaka asilimia 51 ya Simba. Agosti 2017 wanachama wakapitisha mabadiliko, na mwisho wa hesabu mwekezaji akabaki na asilimia 49, kwa kuwa kanuni za serikali ziliamua asilimia 51 zibaki kwa wanachama. Yanga nayo ikapitisha mfumo wa namna hiyo mwaka 2021.

Asilimia 51! Ujamaa ulikuwa umepata namba. Ila mwenye tawi la Bunda anayechangisha nauli ya kwenda mkutano mkuu anajua namba hiyo inavyofanya kazi. Anayelipa mishahara ana asilimia 49 na simu ya kocha. Mwenye asilimia 51 ana fulana na foleni ya kupiga kura. Wajerumani wanayo kanuni inayofanana, 50+1, na inasimama kwa sababu wanachama wao hulipa ada kweli, hupata taarifa ya fedha na humzomea kiongozi aliyeshindwa kuieleza. Sisi tumechukua asilimia, hatukuchukua daftari.

Mambo yakazidi kuingiliana. Novemba 2021 GSM, mdhamini wa Yanga, alitangazwa kuwa mdhamini mwenza wa Ligi Kuu. Simba wakagoma kuvaa nembo yake, na Februari 2022 GSM akajitoa. Julai mwaka huo Hersi Said, aliyetokea GSM, akachaguliwa rais wa Yanga. Matokeo uwanjani hayana ubishi: 2023 Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kulikosa kwa bao la ugenini dhidi ya USM Alger. Ndiyo maana shabiki wa Yanga wa Nyasho hana haraka ya kuuliza maswali. Kombe ni dawa ya usingizi nzuri kuliko zote.

Sasa tuje nyumbani. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2018/19, pamoja na Alliance ya Mwanza, KMC, Coastal Union, African Lyon na JKT Tanzania. Mkoa ulikuwa umekaa sana bila timu ya kiwango hicho. Uwanja wa Karume mjini Musoma ukawa na shughuli, ingawa Simba au Yanga wakija nusu ya wenyeji walivaa nyekundu au kijani, na mtu hakujua ashangilie bao la nani. Chini ya kocha Mkenya Francis Baraza timu ilijengeka kimyakimya, bila majina makubwa. Baraza akaondoka katikati ya msimu wa 2020/21, lakini timu ikamaliza nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Kwa kuwa mafanikio ya Simba Afrika yalikuwa yameipa Tanzania nafasi nne, timu ya Musoma ikaingia Kombe la Shirikisho.

Wakaitoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wakaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0. Mchezo wa marudiano ulikuwa Libya. Biashara United haikufika. Maelezo yaliyotolewa yalizunguka ndege, vibali na fedha, na timu iliyokuwa inaongoza kwa mabao mawili ikatolewa bila kupigwa hata shuti. Linganisha na tarehe hizi: Mei 2021 shirikisho la soka, TFF, na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa Sh225.6 bilioni wa haki za televisheni, na mwezi uleule wa Oktoba benki ya NBC ikaingia kudhamini ligi kwa bilioni kadhaa. Fedha za mpira hazikuwa zimewahi kuwa nyingi hivyo nchini, na timu ya nne kwa ubora ikabaki Dar es Salaam na mabegi yake. Mwisho wa msimu huo ikashuka daraja.

Sikiliza jinsi watu wa Musoma wanavyolisimulia tukio hilo. Hawamlaumu sana Mwarabu wa Tripoli wala CAF. Wanauliza nani alikuwa na jukumu la kukata tiketi. Timu ilikuwa na jina la mkoa, mashabiki wa mkoa, na viongozi wa mkoa waliopenda kupiga nayo picha, lakini siku ya nauli hakukuwa na mtu mmoja ambaye ungemwita mwenye timu. Huko Msimbazi wanalalamika mwenyewe ana nguvu kupita kiasi. Musoma walilalamika hayupo. Ukiyachimba ni lalamiko moja, maana katika hali zote mbili hakuna anayewajibika kueleza.

Mwaka 2024 Biashara United ilipigana kurudi, ikafika mtoano wa mwisho, ikakutana na Tabora United. Tabora ikabaki, Mara ikabaki chini. Na Tabora United ilikuwa nani? Ilikuwa Kitayosce, klabu iliyotokea Kilimanjaro, ikahamishwa na kubadilishwa jina. Agosti 2023 ilianza Ligi Kuu dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu kwa sababu ya matatizo ya usajili, na mchezo ukavunjika mapema ikiwa nyuma 4-0. Ihefu ya Mbarali nayo imekuwa Singida Black Stars. Fountain Gate imetoka Singida hadi Babati. Nafasi ya ligi imekuwa kitu cha kubebwa kwenye mkoba, na shabiki wa Mbarali aliyelala na timu akaamka na uwanja mtupu hakupigiwa hata simu. Bunda, ambako wasichana wa Bunda Queens wamefika Ligi Kuu ya Wanawake, wana sababu ya kulitazama jambo hilo kwa makini.

Kuhusu mawakala na washauri wa wachezaji, kesi iliyowafungua watu macho ni ya Feisal Salum. Desemba 2022 aliweka Sh112 milioni kwenye akaunti ya Yanga akidai amevunja mkataba kwa mujibu wa vipengele vyake. TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi sita taifa likagawanyika, mpaka Rais Samia Suluhu Hassan akawataka Yanga walimalize suala hilo, na Juni 2023 mchezaji akaenda Azam. Wengi walimlaani Feisal na waliomshauri. Mimi naona alikuwa mtu wa kwanza katika miaka mingi kulazimisha mkataba wa mpira usomwe hadharani, kipengele kwa kipengele, na nchi ikagundua jinsi ulivyoandikwa kienyeji. Wakala mjanja hustawi penye mkataba mbovu.

Simba walipofungwa 5-1 na Yanga Novemba 2023 na kumaliza msimu nafasi ya tatu, hasira zilishuka juu ya bodi. Juni 2024 mwenyekiti wake, Salim Abdallah, akajiuzulu. Kilichofuata kilistahili kuchunguzwa zaidi kuliko kilivyochunguzwa: mashabiki waliokuwa wamechoshwa na uendeshaji walimshangilia Mohammed Dewji aliporudi kushika uenyekiti wa bodi. Hawakudai kura zaidi. Walidai tajiri akae karibu zaidi. Nisingewalaumu, kura hawajawahi kuona ikisajili mshambuliaji.

Jambo moja lingewezekana hata kesho. Kanuni za leseni za vilabu za CAF zinadai klabu inayotaka kucheza Afrika iwasilishe hesabu zilizokaguliwa. Maana yake hesabu hizo, kwa vilabu vinavyopewa leseni, zipo. Zinapelekwa ofisi za TFF, ambazo ziko Uwanja wa Karume, Ilala. Karume ya Musoma hazijawahi kubandikwa, wala hakuna kanuni inayomlazimu yeyote azibandike.